Shangazi, tuuze kiwanja ili tulipie nyongeza za upandikizaji?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkazi wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa tangu niolewe. Mume wangu ana miaka 42. Mwaka wa pili wa ndoa nilishika mimba, ikaharibika ikiwa na wiki tisa, nikasafishwa, na tangu hapo sijakosa siku zangu hata mwezi mmoja. Mwaka 2021 nilipigwa picha ya mirija, na maneno ya ripoti ile nimeyahifadhi kichwani: mrija wa kulia umeziba karibu na mfuko wa uzazi, mrija wa kushoto umeziba mwishoni, umevimba na umejaa maji.

Mume wangu alipimwa mbegu mara moja tu, mwaka 2022, akaambiwa kuwa ni chache kidogo, akauziwa vidonge vya zinki na asidi ya foliki ambavyo anavimeza mpaka leo. Kupima tena hataki, na kwa kweli ninamwelewa, kwa sababu siku ile alipewa kikopo akaelekezwa chooni, mlango hauna komeo, na nje kuna watu wanagonga.

Mwanzoni mwa mwaka huu tulikopa kwenye Saccos, tukauza pikipiki, tukaenda kufanya upandikizaji, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa tumboni, katika kliniki moja ya Dar es Salaam. Sindano za kukuza mayai nilijichoma mwenyewe tumboni kwa siku kumi. Nilikuwa naziweka kwenye mlango wa friji, na umeme ulipokatika nilizihamishia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Hata kwenye basi chupa hiyo niliipakata kama mtoto mchanga mpaka Ubungo. Yalipatikana mayai 11, manane yakarutubishwa kwa njia ya kuchoma mbegu moja ndani ya kila yai, na siku ya tano vilikuwa vimebaki viinitete vitatu, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua. Viwili niliwekewa, kimoja kikagandishwa. Siku ya 14 kipimo cha damu kilionyesha kuwa hakuna mimba.

Sasa kliniki inashauri tuanze upya kuanzia kwenye sindano, kwa shilingi milioni 15, na tuongeze mambo matatu ambayo hatukuyalipia mara ya kwanza: kukwaruza utando wa ndani wa mfuko wa uzazi kwa 600,000, kupima kromosomu za viinitete (nyuzi zinazobeba urithi) kwa milioni 3.5, na kuviweka katika mashine yenye kamera kwa 900,000. Jumla ni milioni 20. Mume wangu amepata mteja wa kiwanja chetu cha Pongwe kwa milioni 21, na mteja huyo anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama mkwe anasema fedha hizo zinatupwa, kwa kuwa mtoto wa chupa hata akizaliwa yeye hatazaa. Wifi yangu aliyeko Muscat naye kila wiki ananitumia habari kwamba wanasayansi wamekwisha kutengeneza mayai kutokana na ngozi, hivyo nisubiri. Shangazi, tuuze, au nisubiri?

Mke wa mwenye kiwanja, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote jicho langu limekwama kwenye maneno yale uliyoyahifadhi kichwani, "umevimba na umejaa maji", kwa sababu umeyaandika katika aya ya kwanza kisha hayatajwi tena mahali popote: hayamo katika yale uliyoelezwa kabla ya upandikizaji, hayamo katika sababu za mimba kutoshika, wala hayamo katika bei mpya ya milioni 20. Mimi ni mkunga mstaafu, si daktari bingwa wa uzazi, na sijakupima. Lakini kabla ya kukizungumzia kiwanja inatubidi tuyazungumzie maji hayo.

Mrija ulioziba mwishoni na kujaa maji madaktari huuita hidrosalpinksi. Mara nyingi ni kovu la maambukizi ya zamani, ambayo huenda yalipita kimya bila homa wala maumivu, au yaliingia wakati ule mimba ilipoharibika na ukasafishwa. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote aifanye ripoti hiyo kuwa ushahidi wa tabia zako za ujanani. Katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara maambukizi yanayoacha makovu kwenye mirija ni miongoni mwa sababu kubwa za wanawake kukosa mimba, na upandikizaji ulibuniwa kwanza kwa ajili ya wanawake wenye tatizo hilo hilo, ili yai na mbegu vikutane nje ya mwili bila kuuhitaji mrija. Shida ni kwamba mrija uliojaa maji, hata ukirukwa, haukai kimya. Maji yake huvuja na kurudi katika mfuko wa uzazi, na yanaweza kukidhuru kiinitete au kukisukuma kabla hakijajishikiza, mithili ya mtu aliyesia mchicha kwenye tuta ambalo usiku kucha linamwagikiwa na bomba bovu, kisha asubuhi akailaumu mbegu.

Hili limepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa nchi za Skandinavia walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 204 wenye mirija ya namna hiyo, ambao waligawanywa kwa kura: kundi moja lilitolewa mirija hiyo kabla ya upandikizaji, na kundi la pili likaenda moja kwa moja kwenye upandikizaji. Baada ya mzunguko wa kwanza, waliozaa katika kundi la upasuaji walikuwa asilimia 28.6, na katika kundi la pili asilimia 16.3, faida ilionekana zaidi kwa wale ambao mirija yao ilivimba kiasi cha kuonekana kwenye ultrasaundi. Utafiti huo ni mkubwa kwa umri kuliko ndoa yako, hauna mashine mpya ya kutangaza, na nina shaka kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya kutosikika kwake pale bei zinapopangwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, Waholanzi walijaribu njia nyepesi zaidi, yaani kuziba mrija kwa kifaa kidogo kinachopitishwa ndani ya mfuko wa uzazi, ili mwanamke asikatwe tumbo. Kati ya wanawake 85, mimba ziliendelea kwa asilimia 26.2 ya waliowekewa kifaa na kwa asilimia 55.8 ya wale waliotolewa mrija kwa upasuaji wa matundu madogo. Nakutajia hili ili mtu akikupendekezea njia ya mkato uwe na swali la kumuuliza.

Basi hatua ya kwanza ni ultrasaundi ya kupitia ukeni, ifanywe na mtu aliyeambiwa waziwazi kuwa anautafuta mrija wa kushoto, kwa maana picha yako ya 2021 ni ya zamani na hali inaweza kuwa imebadilika. Ikiwa maji bado yapo, uliza kuhusu kuutoa mrija huo kabla kiinitete kingine hakijawekwa. Najua kauli ya "kutolewa mrija" inavyolia masikioni mwa mwanamke ambaye hajapata mtoto. Nimewahi kukaa kitandani na mama mmoja aliyelia mpaka saa ya kupanda gari la wagonjwa, akiamini kwamba anakwenda kufungwa uzazi. Lakini mrija wa namna hiyo haupitishi yai tena, na ovari, ambayo ndiyo yenye mayai, inabaki mahali pake. Daktari mzoefu hukata akiufuata mrija wenyewe kwa karibu, ili asiiguse mishipa ya damu inayoilisha ovari. Kama makovu yameshikana kiasi kwamba kuutoa ni hatari, hubanwa kwa klipu pale unapoungana na mfuko wa uzazi, na maji hayapati tena njia ya kurudi. Inawezekana pia kwamba daktari wako alikwisha kuangalia, akakuta maji hayapo, akasahau kukwambia. Basi akuambie sasa, na akuandikie.

Jambo la pili lililonishangaza ni kile kiinitete kimoja kilichogandishwa. Umekitaja kwa maneno mawili na kukipita, kana kwamba ni chenji iliyosahauliwa kaunta. Mwanangu, kiinitete hicho kimehifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na humo hakizeeki. Hata ukikaa mwaka mmoja ukishughulikia mrija, chenyewe kitabaki na umri wa yai ulilolitoa mwanzoni mwa mwaka huu. Kukiyeyusha na kukiweka hakuhitaji sindano za siku kumi, wala kuvunwa mayai, wala dawa ya usingizi, na gharama yake ni sehemu tu ya gharama ya mzunguko mzima. Kwa nini basi mnaambiwa muanze upya? Ipo hoja moja halali: mwanamke wa miaka 36 anaweza kushauriwa avune mayai mengine mapema ili aweke akiba ya viinitete, kwa sababu umri wa yai ndio unaoamua mengi. Takwimu za Uingereza za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa, kwa wanawake wanaotumia mayai yao wenyewe, kila kiinitete kilichowekwa kilizaa mtoto kwa asilimia 35 miongoni mwa wenye miaka 18 hadi 34, na kwa asilimia 5 tu miongoni mwa wenye miaka 43 na 44. Wewe uko katikati ya hao. Miezi michache ya upasuaji na kupona haitakuumiza. Miaka mitatu ya kusitasita itakuumiza. Kama hoja ya kliniki ni akiba, waseme hivyo, mpime uzito wake. Isitumike kufunika swali la mrija, kwa sababu hata viinitete kumi vya akiba vitawekwa katika mfuko ule ule unaovujiwa.

Sasa niziendee nyongeza, na nianze na ile ya bei ndogo.

Kukwaruza utando wa mfuko wa uzazi kulipata sifa kutokana na tafiti ndogo za mwanzo, ambazo baadhi yake ziliwahusu wanawake walioshindwa mara moja wakarudi. Wanaorudi baadhi yao hufanikiwa hata wasipofanyiwa chochote cha ziada, na aliyewakwaruza hujisifu, kama mtu aliyepiga ngoma alfajiri kisha akadai kwamba jua limechomoza kwa ngoma yake. Ndipo ukaja utafiti mkubwa, uliochapishwa mwaka 2019, wa wanawake 1,364 katika nchi tano zikiwemo New Zealand, Uingereza na Australia, nao pia waligawanywa kwa kura. Waliokwaruzwa walizaa kwa asilimia 26.1. Wasiokwaruzwa walizaa kwa asilimia 26.1. Sijakosea kuandika, ni namba hiyo hiyo mara mbili. Na wale wa kundi la kwanza waliongezewa maumivu, ambayo kwa baadhi yao hayakuwa madogo. Laki sita zako zibaki mfukoni.

Kipimo cha kromosomu kinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hoja yake inavutia na si ya uongo. Mimba nyingi zinazoharibika mapema huwa na kromosomu zilizozidi au zilizopungua, kwa hiyo inaonekana ni busara kunyofoa chembe chache za kiinitete cha siku ya tano, kuzipima, na kuweka kile tu kilichokamilika. Kasoro ni kwamba kipimo hakiongezi kiinitete hata kimoja. Kinachagua tu miongoni mwa vile ulivyonavyo, na wakati mwingine hukataa ambacho kingezaa mtoto mzima, maana chembe zilizonyofolewa zinatoka katika sehemu itakayokuwa kondo la nyuma na si lazima zifanane na sehemu itakayokuwa mtoto. Nchini China, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanawake 1,212 wenye viinitete vitatu au zaidi vilivyo bora walifuatiliwa kwa mwaka mzima: waliopimiwa viinitete vyao walizaa kwa asilimia 77.2, na ambao havikupimwa walizaa kwa asilimia 81.8. Mimba zilizoharibika zilipungua kidogo kwa waliopima, na hilo lina thamani yake kwa mwanamke aliyechoshwa na kupoteza mimba mara kwa mara. Mamlaka inayosimamia upandikizaji nchini Uingereza imezitenganisha hoja hizi mbili vizuri: kwa wagonjwa wengi, kipimo hiki imekipa rangi nyekundu pale kinapodaiwa kuongeza nafasi ya kupata mtoto, na rangi ya kijani pale kinapotumika kupunguza uwezekano wa mimba kuharibika. Wewe umepoteza mimba moja, miaka saba iliyopita, kabla ya yote haya. Na kama mtatumia kile kiinitete kimoja cha kwenye naitrojeni, kukiyeyusha, kukinyofoa na kukigandisha tena ili kukichagua kutoka miongoni mwa kimoja ni jambo ambalo sioni maana yake.

Kuhusu mashine yenye kamera nitasema kwa ufupi. Inavutia kuitazama, na mtaalamu wa maabara hupata urahisi wa kuvifuatilia viinitete bila kuvitoa nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wa wanawake 1,575 wa Uingereza na Hong Kong, ulikuta kwamba waliozaa ni asilimia 33.7 kwa mashine ya kamera na asilimia 33.0 kwa kabati la kawaida la kukuzia viinitete. Kliniki ikiwa nayo na haikutozi, sawa. Kuilipia 900,000 ni hiari ya mwenye fedha za kuchezea.

Nisieleweke kwamba ninawatuhumu waliokuhudumia kuwa ni matapeli. Mgonjwa aliyekosa mimba hurudi akiuliza, "Safari hii mtafanya nini tofauti?", na daktari naye ni binadamu, hapendi kujibu kwamba atarudia yale yale, hivyo orodha hurefuka kwa maombi ya pande zote mbili. Lakini katika kesi yako lipo jambo la kufanya tofauti, nalo limo katika ripoti ya mwaka 2021.

Tumfikie bwana. Mayai manane kati ya 11 yalirutubishwa, kwa hiyo mbegu zake si tatizo la kwanza hapa, na hilo mwambie leo jioni, maana nahisi miaka yote hii amekuwa akibeba peke yake lile neno "chache". Hata hivyo, kabla ya kulipia mzunguko mwingine wa kuvuna mayai, ni vizuri apime tena, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mwanamume: mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, na homa ya mwezi uliopita inaweza kuonekana katika kikopo cha leo. Habari njema ni kwamba si lazima arudi kwenye choo kile kisicho na komeo. Maabara nyingi hukubali sampuli iliyotolewa nyumbani, mradi wameafikiana nanyi mapema. Ajizuie kwa siku mbili hadi saba, atumie kikopo cha maabara chenye mdomo mpana, asitumie mafuta wala sabuni, na akifikishe ndani ya saa moja akiwa amekiweka katika mfuko wa ndani wa koti au kwapani, karibu na joto la mwili. Jukumu la kusema jina na kukabidhi kikopo dirishani unaweza kulichukua wewe, kama ndilo linalomtia haya. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kiwango cha chini cha kulinganishia ni mbegu milioni 16 kwa mililita, nacho ni kipimo cha kulinganisha tu, hakimtenganishi mgumba na mzazi.

Namba zake mpya zikiwa nzuri, kuna kitu kingine cha kupunguza katika bili. Ile njia ya kuchoma mbegu ndani ya yai ilianza mjini Brussels mwaka 1992 kwa ajili ya wanaume wenye mbegu chache au dhaifu, na kwao ni mkombozi. Lakini siku hizi hutozwa karibu kila mtu. Huko Vietnam wanandoa 1,064 ambao mwanamume hakuwa na upungufu waligawanywa kwa kura, na mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba waliozaa ni asilimia 35 kwa njia ya sindano na asilimia 31 kwa njia ya kawaida ya kuviacha yai na mbegu vikutane vyenyewe katika sahani, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitisha ubora wa yoyote. Tafiti nyingine za baadaye, za China na Denmark, nazo hazikuona faida.

Vile vidonge vya zinki na asidi ya foliki anaweza kuviacha bila majuto. Marekani walivijaribu kwa wanandoa 2,370, na mwaka 2020 wakatoa majibu: waliozaa ni asilimia 34 kwa wanaume waliovimeza na asilimia 35 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, na waliovimeza ndio waliosumbuliwa zaidi na tumbo. (Wewe asidi ya foliki usiiache, kwako inamkinga mtoto dhidi ya mgongo wazi, na hilo ni suala jingine kabisa.) Nina swali moja la kumuuliza, nalo aulizwe kwa upole: je, kuna rafiki wa jimu anayemchoma au kumpa homoni ya kiume ili apate nguvu? Wanaume wengi hudhani testosteroni ya dukani huongeza mbegu, ilhali huuambia ubongo kwamba homoni imekwisha kutosha, korodani zikapunguza kazi, na mbegu zikashuka, wakati mwingine hadi sifuri.

Wifi yako wa Muscat anakupenda, na habari anazokutumia zina ukweli ndani yake. Septemba 2025 watafiti wa Oregon, Marekani, walichukua kiini cha chembe ya ngozi, wakakiweka katika yai lililoondolewa kiini chake, na kupata mayai 82 ya majaribio. Walipoyarutubisha, takriban asilimia 9 tu yalifika hatua ya siku ya tano au ya sita, yakiwa na kromosomu zisizo sawa, na wenyewe walisema inahitajika angalau miaka kumi kabla ya kufikiria kuitumia njia hiyo hospitalini. Baada ya miaka kumi utakuwa na miaka 46. Zaidi ya hayo, kazi ile inawalenga wanawake wasio na mayai kabisa, na wewe ulitoa 11. Mjibu wifi kwa shukrani, umwambie kwamba akitaka kusaidia achangie upasuaji wa mrija.

Na mama mkwe? Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na mwaka 2006 akajifungua mtoto wa kiume kwa mimba aliyoishika kwa njia ya kawaida, bila maabara. Tangu azaliwe yeye, watoto wa upandikizaji duniani wamezidi milioni 10, na baadhi yao sasa ni wazazi. (Katika timu ya watu watatu waliomfanikisha alikuwamo muuguzi, Jean Purdy, ambaye ndiye aliyekesha akikitazama kiinitete kile kikigawanyika, kwa muda mrefu jina lake liliachwa nje ya kibao cha kumbukumbu, nami kama muuguzi mwenzake sipiti bila kumtaja.) Ikiwa kinachomsumbua mama ni dini, kwa kuwa hukusema wazi, basi ajue kwamba tangu Machi 1980 Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Jad al-Haq, alitoa fatwa inayouruhusu upandikizaji kati ya mume na mke wakiwa ndani ya ndoa, kwa yai lake na mbegu zake, bila mtu wa tatu. Kiinitete chenu ni cha namna hiyo.

Kwa hiyo kiwanja cha Pongwe msikiuze mwezi huu. Haraka ya mteja ni yake yeye, si yenu. Akiondoka atakuja mwingine, na huenda mtakihitaji kiwanja hicho baadaye, kama kiinitete kilichogandishwa hakitashika na mkaamua kuvuna mayai upya. Kwa sasa fedha mnazohitaji ni za ultrasaundi, pengine upasuaji wa matundu madogo, kisha kuyeyusha na kuweka. Kwa upasuaji ulizieni kwanza katika hospitali za rufaa za umma, kwa kuwa si lazima ufanyike pale pale kliniki ya upandikizaji, na muulize bima yenu inagharimia nini, kwani baadhi ya bima hukataa neno "upandikizaji" lakini hulipia ugonjwa wa mrija.

Siku mtakayokwenda Dar es Salaam, nendeni wawili. Ombeni nakala za picha za ultrasaundi za mzunguko uliopita na ripoti ya maabara inayoeleza ubora wa viinitete vyote vitatu. Ni haki yenu, msikubali kuambiwa kwamba faili halitoki. Muulizeni daktari maneno haya haya: "Mrija wa kushoto una maji au hauna, na kama unayo, kwa nini tuweke kiinitete kabla ya kuushughulikia?" Kisha mnyamaze, mumwache ajibu. Safari ijayo, ikiwa kutakuwa na sindano tena, zifunge kwa taulo kavu kabla ya kuziweka karibu na barafu, kwa sababu dawa hizo zikiganda huharibika, na hazitakiwi kurudishwa kwenye friji kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kabla hamjatoka mapokezi, ulizieni ada ya kutunza kiinitete chenu inalipwa lini na kiasi gani, mwombe risiti yenye majina yenu wote wawili, kwa sababu ada hiyo mara nyingi huwa ya mwaka, na sijaiona mahali popote katika barua yako.